Mwanao amesomea habari: usimtume akachukue bahasha

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja miezi michache iliyopita, baada ya swala katika msikiti mmoja hapa mjini Singida, alinifuata mzee mmoja, mkulima wa alizeti kutoka upande wa Ikungi. Alisubiri watu wapungue, kisha akaniomba nizungumze na binti yake. Alisema, "Sheikh, niliuza ng'ombe wanne ili mtoto huyu asome chuo kikuu. Huu ni mwaka wa tatu tangu ahitimu uandishi wa habari, na ajira hajapata. Juzi kwenye semina kapewa bahasha kama wenzake, yeye kairudisha. Nyumbani wadogo zake wana mahitaji ya shule. Mwambie, sheikh wangu, kwamba riziki haikataliwi."

Sikumjibu hapo hapo. Nilimwambia, "Mzee wangu, mlete tuzungumze naye." Nilitaka kwanza kumsikiliza mtoto, kwani mara nyingi sisi wazee huhukumu jambo la vijana kabla hatujajua linavyokwenda.

Wiki iliyofuata walikuja wote wawili. Binti alieleza kwa adabu, bila ya kumlaumu mtu. Yeye ni mwandishi wa kujitegemea wa chombo kimoja cha habari. Hana mkataba wala mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na habari isiyotumika hailipwi hata kama ameifuata vijijini kutwa nzima. Nauli ya bodaboda ni yake, salio la simu ni lake, na kamera ni ya kuazima. Malipo yenyewe hayaji kila mwezi. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba moyoni tangu siku hiyo: "Sheikh, kama nauli nimetoa mwenyewe, na ofisi iliyoniita ikanirudishia nauli hiyo, nayo ni rushwa?"

Mpenzi msomaji, swali la binti huyu si lake peke yake. Ni swali la mamia ya vijana wetu waliosomea uandishi wa habari, mawasiliano ya umma na uhusiano, na ni swali la wazazi wao vilevile. Hatuwezi kulijibu kwa kusoma hukumu tu. Lazima kwanza tuitazame kazi yenyewe ilivyo.

Sisi tuliosoma katika miaka ya 1980 tulikuta Radio Tanzania Dar es Salaam na magazeti machache ya Serikali na chama. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1975, na huko Mwanza ilikuwapo Nyegezi. Wanafunzi walikuwa wachache, na aliyehitimu alijua anakwenda wapi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, redio, televisheni na magazeti yaliongezeka haraka. ITV na Radio One zilianza mwaka 1994. Vijana waliotoka vyuoni wakati ule walipokelewa kwa mikono miwili.

Vyuo navyo vikapanuka. Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. TSJ ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro nacho kinafundisha mawasiliano ya umma, na viko vyuo vingi vidogo vya astashahada na stashahada. Hili ni jambo jema, kwani elimu haina wingi unaodhuru. Lakini mzazi afahamu kwamba milango ya vyuo imepanuka kuliko milango ya vyumba vya habari. Matangazo ya biashara yanayolisha magazeti yamehamia kwa wingi kwenye mitandao ya simu, na gazeti linalouza nakala chache haliwezi kuajiri kama zamani.

Aidha, kazi hii huweza kukatika ghafla kwa sababu ambazo mwandishi hana mkono ndani yake. Mwaka 2013 Radio Imaan ya Morogoro na Kwa Neema FM ya Mwanza zilifungiwa kwa miezi sita. Gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa mwaka 2017 kwa miaka miwili, na leseni ya Tanzania Daima ikafutwa mwaka 2020. Mwezi Februari 2022 leseni za MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima zilirejeshwa. Sisemi hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Nasema tu kwamba chombo kinapofungwa, mpigapicha, mhariri na mwandishi wa mkoani hukosa chakula cha mwezi huo, na hakuna anayewauliza.

Hatari nayo ipo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo tarehe 2 Septemba 2012. Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti kama mwandishi wa kujitegemea, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, na familia yake haijamwona tena. Wote wawili walikuwa watu wa mikoani. Mwandishi wa mkoani ndiye aliye karibu na tukio, naye ndiye mara nyingi asiye na mkataba wala bima.

Sasa tuangalie hapa petu Singida. Mhitimu wa mawasiliano atakwenda wapi?

Njia ya kwanza ni vyombo vya habari, na hali yake tumekwisha ieleza. Redio za mikoani zinaajiri wachache, na vyombo vya Dar es Salaam humtumia mwandishi wa hapa kwa malipo ya habari moja moja.

Njia ya pili ni utumishi wa umma, yaani uafisa habari. Ajira hizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hufanyiwa usaili pamoja na wenzake wa nchi nzima. Mkoa wetu una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Kila moja inahitaji maofisa habari wachache tu. Nafasi ikishajazwa, inaweza kukaa miaka mingi isifunguliwe tena. Mzazi anayesubiri mtoto wake aajiriwe halmashauri ya nyumbani na afanye hesabu hiyo.

Njia ya tatu ni uhusiano wa umma katika mabenki, hospitali, mamlaka za maji, mashirika ya hiari na makampuni. Hapa mhitimu wa uandishi hushindana na mhitimu wa masoko. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, yenye kampasi hapa mjini Singida, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha masoko na uhusiano wa umma. Kwa hiyo kijana wa habari anayejua pia kuandika ripoti, kusoma mahesabu mepesi na kuzungumza na wateja, ana nafasi kubwa kuliko yule anayejua kutangaza tu. Tusisahau kuwa makao makuu ya nchi yako Dodoma, kilometa zipatazo 240 kutoka hapa. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, kijana wa Singida hana ulazima wa kukimbilia Dar es Salaam kutafuta ofisi.

Njia ya nne ni kujiajiri: kupiga picha na video, kuandaa vipindi, kutafsiri, kuhariri vitabu, na kuwatengenezea wafanyabiashara wa alizeti na vitunguu matangazo yao. Anayetaka kuendesha chombo cha habari mtandaoni ajue kuwa jambo hilo lina leseni. Kanuni za mwaka 2018 zilipoanza, maombi yalikuwa Sh100,000, leseni Sh1,000,000 na ada ya mwaka Sh1,000,000. Ada hizo zilikuja kupunguzwa, hivyo aulize TCRA kwanza kabla ya kununua kamera kwa mkopo.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari iliteuliwa mwaka 2024 chini ya uenyekiti wa mwanahabari mkongwe Tido Mhando. Kwa hiyo mzazi anayemlipia mtoto astashahada ya miezi michache, akiamini kuwa hiyo yatosha kuwa mwandishi, anatumia fedha yake bila ya kuuliza.

Na wapo waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwakera wengi, iliondolewa mwaka 2021, lakini deni lenyewe lipo, na deni katika dini yetu si jambo la kuchezea. Kijana mwenye deni, asiye na mshahara, akisimama mbele ya mtu mwenye bahasha, anajaribiwa mtihani mzito.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la binti yule.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn Lutbiyya, akakusanye zaka. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W) alikasirika, akapanda juu ya mimbari, na maana ya maneno yake ilikuwa kwamba mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, tuone kama zawadi hiyo ingemfuata. Maana yake i wazi: kitu kinachokujia kwa sababu ya kazi uliyoaminiwa si zawadi yako.

Mwandishi ni mtu aliyeaminiwa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuzihakiki habari zinazoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Msomaji wa Mkalama hana uwezo wa kwenda mwenyewe kuhakiki kama zahanati iliyosemwa imejengwa kweli. Amemwachia mwandishi kazi hiyo. Mwandishi akilipwa na mjenzi wa zahanati, msomaji huyu ameuzwa bila ya kujua.

Ama nauli, nilimwambia binti yangu yule kwamba mimi naona ziko alama nne za kuipima. Kwanza, je, mhariri wake anaijua? Pili, je, ingetolewa hata kama habari isingetoka, au ingetoka kwa namna ambayo mwenye shughuli haipendi? Tatu, je, inalingana na gharama halisi, au ni nauli ya bodaboda inayotosha kununua baiskeli? Nne, je, anaweza kuitaja hadharani bila ya kuona haya? Fedha iliyopita katika alama zote nne ni marejesho ya gharama. Iliyoshindwa hata moja, na iachwe. Na lililo bora kuliko yote ni nauli hiyo kulipwa na chombo kinachomtuma.

Ndugu zangu, kabla hatujawanyooshea vidole waandishi, naomba nijisemee mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya harambee ya ujenzi wa madrasa. Katika bajeti tuliandika mstari wa "waandishi wa habari" na kuutengea fedha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni fedha ya nini. Siku ya shughuli mimi ndiye niliyegawa bahasha, huku nikitabasamu na kuwaombea dua waliopokea. Habari zilitoka nzuri mno. Kama kungekuwa na kasoro katika hesabu zetu, nani angeandika? Mtume (S.A.W) amemlaani mtoa rushwa sawa na mpokeaji. Mimi nilikuwa upande wa mtoaji na sikuliona hilo, kwa sababu shughuli ilikuwa ya kheri. Namuomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na naziomba kamati za misikiti na taasisi zetu ziufute mstari huo katika bajeti zao.

Hali kadhalika, wamiliki wa vyombo vya habari wasikie sehemu yao. Uislamu haukumkataza mtendaji zawadi kisha ukamwacha afe njaa. Imepokewa na Abu Daud kwamba aliyepewa kazi ya umma na akaruzukiwa ujira wake, anachochukua zaidi ya hapo ni khiyana. Lakini katika mlango huo huo imepokewa kwamba mtendaji asiye na mke apatiwe cha kuolea, na asiye na makazi apatiwe makazi. Yaani kutosheleza kunatangulia, kisha ndipo huja makatazo. Mwajiri anayemtuma kijana vijijini bila ya nauli, akijua fika kwamba atalipwa na wale anaokwenda kuwaandika, ameshiriki katika bahasha ile hata kama hakuigusa.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ile ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imetaja bima na hifadhi ya jamii kwa waandishi. Mwenye mgogoro na mwajiri anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asichelewe, maana madai hayo yana muda. Kipo pia chama cha wafanyakazi katika vyombo vya habari, JOWUTA. Vijana wetu wajue haki hizi kama wanavyojua kushika kipaza sauti.

Sasa wazazi wenzangu, nawausia mambo manne.

Kwanza, ulizeni kabla ya kuuza ng'ombe. Chuo kimesajiliwa? Kinatoa stashahada au shahada? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Nendeni mkawaulize waandishi wenyewe, hata katika klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wetu, wawaeleze wanavyoishi.

Pili, mpeni mtoto fani ya pili ya kumlisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, naye alikuwa mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Kalamu yake haikuwa ndiyo chungu chake. Mwandishi mwenye shamba la alizeti, au mwenye kazi ya kutafsiri, anaweza kusema hapana. Ila asichanganye mambo: asiwe msemaji wa mtu asubuhi, na jioni akawa mwandishi wa habari za mtu huyo huyo.

Tatu, walindeni mabinti. Wako wanaoombwa kitu kingine badala ya fedha ili wapate nafasi ya kujitolea au kutangaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeiita hiyo rushwa. Binti anayeogopa kumwambia baba yake atabaki peke yake na dhalimu. Mjengeeni njia ya kusema mapema.

Nne, msimdai mtoto kabla hajasimama. Mzazi anayeuliza kila jioni "umeleta nini?" asishangae siku moja kuletewa kitu ambacho hakuuliza kimetoka wapi.

Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa sheikh, lakini ng'ombe wangu je?" Nilimwambia, "Mzee wangu, ng'ombe wale umewatoa kwa ajili ya elimu, na ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu. Huyu hapa mtoto wako amekataa haramu akiwa na njaa. Wangapi miongoni mwetu tumeweza hilo?" Alinyamaza. Sitasema kwamba alitoka ameridhika kabisa, maana mahitaji ya wale wadogo yalikuwa yanamsubiri nyumbani.

Nilichokifahamu baadaye ni kwamba binti yule anaendelea kupeleka habari, na pamoja na wenzake wawili waliosoma naye wanaandaa picha na matangazo kwa malipo ya wazi yenye risiti. Wateja wao hao yeye hawaandiki habari zao. Kipato bado ni kidogo. Na baba yake, msimu uliopita, alimpa ekari moja alime alizeti yake mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu riziki ya halali, awape wazazi subira, na atujaalie sisi viongozi wa dini tuwe wa kwanza kuacha yale tunayowakataza wengine.

Wabillahi tawfiq.